Ibara ya 36 iliwagawa CHADEMA kabla ya Mbowe na Lissu

#1 Kobe Mwendo (mleta mada)

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, asije akaniambia nimeandika gazeti.

Kila ukiingia jukwaani unakuta hadithi zile zile. CHADEMA walipasuka kwa sababu Mbowe, mwenyekiti wa miaka mingi, aling'ang'ania kiti. Hapana, ni Lissu aliyemrithi, hana breki mdomoni. Hapana, ni G55, wale makada waliopinga kususia uchaguzi, walilamba asali. Mimi nasema tunawabebesha watu hawa mzigo mkubwa kuliko miili yao. Fungua Katiba ya 1977, soma ibara ya 36 na ya 37, halafu ndiyo urudi kwenye mambo ya Mlimani City, ukumbi walikopigiana kura Januari 2025.

Ya 36 inampa Rais mamlaka ya kuanzisha na kufuta nafasi za madaraka serikalini na kuteua wa kuzishika. Ya 37 inasema kwenye kazi zake yuko huru, halazimiki kufuata ushauri wa mtu, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afuate. Sasa hesabu kwa vidole: IGP (mkuu wa polisi), Mkuu wa Majeshi, Jaji Mkuu, DPP (mkurugenzi wa mashtaka), CAG (mkaguzi wa hesabu za serikali), mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Msajili wa Vyama vya Siasa. Vidole vimeisha na bodi za mashirika bado hatujazigusa. Weka na wabunge 10 wa kuteuliwa. Kisha malizia na 41(7): Tume ikishamtangaza mshindi wa urais, hakuna mahakama ya kuchunguza ushindi wake.

Haya, wewe ni mwenyekiti wa chama cha upinzani. Unataka mkutano wa hadhara, unakutana na OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Mgombea wako kaenguliwa, unakata rufaa Tume. Kuna mgogoro ndani ya chama, unaitwa kwa Msajili. Kijana wako kakamatwa, hatima ya kesi iko kwa DPP. Ofisi nne, zote zinaishia kwenye kalamu moja. Kwa hiyo siasa yako yote, upende usipende, inabaki swali moja: unaongea na mwenye kalamu au unamgomea?

Na hilo ndilo lililowagawa wale jamaa.

Mwangalie Mbowe. Julai 21, 2021 anakamatwa Mwanza, wanajiandaa na kongamano la Katiba Mpya. Anapewa kesi ya ugaidi. Machi 4, 2022 DPP anasema hana nia ya kuendelea na kesi, na siku hiyo hiyo mzee yuko Ikulu anaongea na Rais Samia. Mikutano ya hadhara iliyozuiwa toka 2016 kwa kauli ya Magufuli inafunguliwa Januari 3, 2023, nayo kwa kauli. Hakuna sheria iliyotungwa kuifunga, hakuna sheria iliyofutwa kuifungua. Rais mmoja kasema basi, mwingine kasema haya endeleeni. Mtu aliyepita humo atajifunza nini? Kwamba ukikaa vizuri na Ikulu mambo yanasogea. Lissu mwenyewe alirudi nchini Januari 25, 2023 kupitia upepo huo huo.

Sasa mwangalie Lissu. Septemba 7, 2017 kamiminiwa risasi Dodoma, mchana kweupe, kwenye makazi ya viongozi, na hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mtu wa namna hiyo atajifunza kwamba kilichotolewa kwa kauli kitachukuliwa kwa kauli, hivyo usiombe fadhila, dai sheria ibadilike kwanza.

Ofisi ni moja, masomo mawili, na yote yana mantiki. Usiku ule wa uchaguzi wa chama, Januari 21, 2025, tulikuwa kijiweni Tabata, simu imeegemezwa kwenye birika la kahawa, bando tumechangishana. Kulikuwa na baba mmoja wa makamo, kadi ya chama anayo toka enzi za Bob Makani, kila Lissu akitajwa anashangilia, kila Mbowe akitajwa anapiga makofi. Akaulizwa, mzee wewe uko upande gani? Akasema, "Hawa wote ni wangu, ila nasikitika wanagombea usukani wa gari lisilo na mafuta." Matokeo: Lissu 513, Mbowe 482. Mbowe akatoa pongezi hata kabla matokeo hayajatangazwa rasmi. Heche akampiga Wenje kwenye umakamu Bara.

Tofauti ya kura 31! Nusu ya wajumbe wanasema tuzungumze, nusu na kidogo wanasema tugome. Chama chenye mgawanyo huo kingeweza kuishi vizuri tu, kama kungekuwa na mahali pa kumpa kila mmoja kazi. Wa mazungumzo waende bungeni wakabane bajeti, wa mgomo waende mahakamani wakapinge matokeo. Kwetu Bunge halina meno na mahakama imefungwa kwa 41(7), kwa hiyo mtaa ukabaki mmoja wa kugombania.

Naomba tujadili hoja, matusi peleka kwenye nyuzi za Simba na Yanga.

#2 Kijani Kibichi

Mleta mada umejitahidi kupamba, ila mnatuchosha. Kila mkishindwa ni Katiba. Mbowe kakaa mwenyekiti toka 2004 hadi 2025, huyo naye kateuliwa na ibara ya 36? CCM marais wanapokezana, Mwinyi kaondoka, Mkapa kaondoka, Kikwete kaondoka, hakuna aliyeongeza hata siku. Nyie kiti kimoja cha chama kimewashinda miaka 21 halafu mnataka tuwape nchi.

Chacha Wangwe alisimamishwa umakamu 2008. Zitto, Kitila na Mwigamba walivuliwa nyadhifa Novemba 2013 kwa ajili ya waraka. Dk. Slaa kaondoka 2015 baada ya kuletewa Lowassa, na Lowassa mwenyewe akarudi nyumbani Machi 2019. Halima Mdee na wenzake 18 mkawafukuza Novemba 2020. Katika hao wote nionyeshe aliyefukuzwa na Rais.

#3 Kobe Mwendo

Mkuu Kijani, hiyo ya Mbowe kukaa sana siitetei hata kidogo, na suala la ukomo wa uongozi ndani ya chama ni moja ya vitu vilivyompa Lissu kura. Hapo umepiga penyewe.

Ila na mimi nikuulize. Januari 18 na 19, 2025 nyie CCM mlikuwa na Mkutano Mkuu Maalum Dodoma. Ajenda tuliyoisikia ilikuwa kumpata makamu mwenyekiti, akapatikana Mzee Wasira. Mkatoka na mgombea urais pia! Hakuna fomu, hakuna wa kushindana naye, wajumbe wamesimama wanaimba. Siku mbili baadaye wale mnaowaita nyumbu wanapiga kura usiku kucha, na mwenyekiti aliyepo anaangushwa. Polepole alipohoji utaratibu wenu, Julai akajiuzulu ubalozi wa Cuba, na Oktoba 6 tukasikia ametoweka nyumbani kwake. Kwa hiyo nyie hamna migawanyiko kwa sababu gani hasa? Kwa sababu mwenyekiti wa chama ndiye mwenye kalamu. Nani ampinge halafu asubuhi yake aamke bado mkuu wa wilaya?

Hao 19 wa viti maalum umenitajia mwenyewe, asante. Chama kikawafukuza Novemba 27, 2020, siku tatu baada ya kuapishwa, Baraza Kuu likabariki Mei 2022, na wakaendelea kukaa bungeni. Katiba hiyo hiyo inataka mbunge awe na chama, na ni hiyo hiyo inayomnyima Mtanzania kugombea bila chama, jambo ambalo Mchungaji Mtikila alishinda Mahakama ya Afrika mwaka 2013 na halijatekelezwa hadi leo. Inatumika ikiwafaa wenyewe.

#4 Mama Chapati Mbeya

Mimi sina elimu ya ibara, nisemee kata yetu. Novemba 2024, uchaguzi wa serikali za mitaa. Kijana wetu anagombea uenyekiti wa mtaa, tumemsaidia kujaza fomu mezani kwangu, nikafuta kwanza mafuta ya chapati ili isichafuke. Kwenye kipengele cha kazi akaandika "mjasiriamali". Ikarudi imepigwa mstari mwekundu, eti kazi haijulikani. Mgombea wa upande wa pili kaandika "biashara", hiyo ikajulikana. Tukaenda kukata rufaa, aliyepokea rufaa ni mtu wa ofisi ile ile, kakaa meza ya pili.

Sasa mniambie, yule kijana mwaka uliofuata akisikia kauli ya CHADEMA ya bila mabadiliko hakuna uchaguzi, atasemaje? Alikuwa wa kwanza kununua fulana. Na mdogo wake, naye ni wa chama hicho hicho, alitaka udiwani, akakasirika akahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani. Nyumba moja, sahani moja, na hawasalimiani. Mimi nawapikia wote wawili.

#5 Kijani Kibichi

Pole mama, lakini sheria zimebadilika 2024. Tume sasa ni huru, wajumbe wanaomba kazi na kufanyiwa usaili, na wakurugenzi si lazima wawe wasimamizi wa uchaguzi tena. Mnajifanya hamzioni.

#6 Kobe Mwendo

Tunaziona. Wajumbe wanasailiwa, mwenyekiti bado anateuliwa na Rais. Msimamizi anaweza asiwe mkurugenzi, akawa mtumishi mwandamizi wa umma. Kapandishwa cheo na nani huyo mtumishi? Halafu uchaguzi alioueleza Mama Chapati hata hiyo Tume haikuusimamia, ulikuwa chini ya TAMISEMI, na TAMISEMI iko Ofisi ya Rais. CCM wakachukua asilimia 99 ya vijiji. Hata ndoa ya siku tatu haina makubaliano ya asilimia 99.

Mama, hao ndugu wawili ndio uzi wangu wote.

#7 Pweza wa Forodhani

Nyie wa Bara mnajadili mageni, sisi kwetu CUF tushayapitia zamani.

Lipumba alijiuzulu uenyekiti Agosti 2015, kampeni zikiwa bado hazijaanza. Mwaka uliofuata akarudi kuutaka, chama kikamkatalia. Septemba 2016 Msajili akasema ndiye mwenyekiti halali. Ruzuku, ofisi za Buguruni, mihuri, vyote vikaenda kwake. Maalim Seif na wanachama walio wengi Zanzibar wakabaki na watu bila karatasi. Kesi ikasukumwa mpaka Machi 18, 2019, hukumu ikampa Lipumba. Siku hiyo hiyo Maalim akahamia chama cha ACT, ndiyo ile shusha tanga pandisha tanga. Bendera zilishushwa barazani kwetu Magharibi haijafika, mpaka fundi rangi akakosa zambarau.

Ninachotaka kusema, ugomvi ulikuwepo kweli ndani ya CUF, haukuletwa na Msajili. Yeye alichofanya ni kuchagua nani ameshinda. Na CHADEMA wamekuja kuletewa sahani hiyo hiyo: akidi ya Baraza Kuu la Januari 2025 ikapingwa, Mei Msajili akasema viongozi walioteuliwa siku ile hawatambuliki, ruzuku ikasimama. Juni 10 Mahakama Kuu ikazuia shughuli za siasa za chama kwa kesi iliyofunguliwa na aliyekuwa makamu wao upande wa Zanzibar, Said Issa Mohamed, na wenzake, kuhusu mgawanyo wa rasilimali. Nitaongeza jambo ambalo makamanda wa CHADEMA hawalipendi: malalamiko ya Wazanzibari ndani ya CHADEMA hayakuanzia kwenye kesi ile. Kuitwa jukwaani kwa ajili ya picha ya Muungano, halafu mgao ukaishia Kinondoni, tumelizoea.

#8 Kobe Mwendo

Pweza umenisaidia kusema vizuri kuliko nilivyosema mwenyewe. Kila chama kina ugomvi. Chama kisicho na ugomvi ni kikundi cha kwaya. Ila kwetu ugomvi wa ndani una refa aliyeteuliwa na mwenyekiti wa timu pinzani. Hata ACT 2025 wamekiona: Mpina kapitishwa kugombea urais, Msajili akatengua, Mahakama ikamrudisha Septemba 11, Tume ikamtoa tena siku chache baadaye.

#9 Jirani wa Kisumu

Habari zenu majirani. Mimi nasoma hii mada nikiwa upande wa pili wa ziwa na nina swali kwa mwenye mada. Sisi Katiba tulibadilisha 2010. Mawaziri wanapigwa msasa na Bunge, matokeo ya urais yanaenda Mahakama ya Juu, na Septemba 1, 2017 yalifutwa kweli. BBI, ule mpango wa kurekebisha Katiba, iligonga mwamba kortini. Rais wetu hawezi kumteua gavana. Na bado ODM, chama cha Raila Odinga tuliyemwita Baba, imegawanyika vilevile! Agosti 2024 Mbadi, Joho, Oparanya na Wandayi wameingia baraza la mawaziri la Ruto. Machi 7, 2025 Baba ametia sahihi makubaliano na Ruto, huku katibu mkuu wake mwenyewe, Sifuna, akisema hakubaliani nayo. Baba amefariki Oktoba 15 na ugomvi umezidi. Kwa hivyo hiyo ibara yenu mkiifuta leo, mtaamka kesho bado mnagawanyika. Ukweli ni kwamba wanasiasa wanapenda kula.

#10 Kobe Mwendo

Jirani karibu, na poleni kwa msiba wa Baba.

Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote humu, nimekaa nayo jioni nzima. Sikatai, kula wanapenda pande zote za ziwa. Lakini angalia kinachotokea baada ya kugawanyika. Sifuna ni Seneta wa Nairobi, kapigiwa kura na watu wa Nairobi, akimpinga Rais usiku, asubuhi bado ni seneta. Orengo ni gavana wa Siaya, ana bajeti yake na sauti yake. Kwenu katiba inalazimisha angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kwenye kaunti. Kwa hiyo mpinzani wa Kenya ana mahali pa kusimama akiwa amekosana na Rais na amekosana na chama chake kwa wakati mmoja.

Mpinzani wa huku akikosana na vyote viwili anasimama wapi? CHADEMA mwaka 2005 walikuwa na wabunge 11, mwaka 2010 wakawa 48, mwaka 2015 wakawa 70. Mwaka 2020 likabaki jimbo moja la Nkasi Kaskazini. Viongozi na makada waliokua kisiasa katika miaka ile kumi ya mavuno wakajikuta hawana halmashauri, hawana jimbo, hawana chochote. Hapo ndipo G55 walipotokea. Wengi wao walikuwa watia nia. Wakaambiwa msimamo ni "No Reforms, No Election", wakaona miaka mitano mingine inapita. Aprili 9, 2025 Lissu kakamatwa Mbinga, kesho yake kesi ya uhaini. Aprili 12 chama hakikusaini kanuni za maadili, Tume ikasema basi, hamumo, na chaguzi ndogo kwa miaka mitano hamumo. Mei hao G55 wakahama kwenda kwa Mzee Rungwe, na Salum Mwalimu akaja kuwa mgombea urais wa CHAUMMA.

#11 Sindano ya Ganzi

Mkuu Kobe unawasafisha wasaliti kwa maneno laini. Mwenyekiti yuko mahabusu kwa kesi ya kunyongwa, wewe unahama chama? Na walipata nini? Uchaguzi wa Oktoba 29, Rais katangazwa na asilimia 97.66. Walisindikiza harusi. Ungewaambia hao G55 wakaseme maneno yako mbele ya mama waliopoteza watoto siku ile.

#12 Kobe Mwendo

Sindano, simsafishi mtu. Kuhama wakati mwenyekiti yuko ndani mimi naona ni aibu, na matokeo yake tumeyaona sote: walioshiriki wameambulia kusindikiza, kama ulivyosema. Siku ile intaneti imezimwa, amri ya kutotoka nje Dar, watu wameuawa, na waliogomea na walioshiriki wote wamezika. Hilo silifanyii utani na sitalijadili kama takwimu.

Ila kusema "wasaliti" hakunielezi chochote. Mwaka 1995 NCCR ya Mrema ilipata karibu asilimia 28 ya kura za urais, baada ya miaka michache ikabaki jina. CUF ikafuata. Sasa hawa. Wasaliti wa vizazi vitatu, vyama vitatu, wote wanazaliwa upinzani tu?

#13 Mama Chapati Mbeya

Mwanangu Kobe, mimi nataka ujibu moja. Tuseme kesho wanakubali kubadilisha kitu kimoja tu. Kipi? Maana hii ya Katiba Mpya nzima toka Warioba tunangoja. Rasimu ya pili Desemba 2013, Bunge Maalum 2014, UKAWA, ule umoja wa wapinzani, wakatoka, kura ya maoni Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo imeahirishwa.

#14 Kobe Mwendo

Mama, wengi watakwambia 41(7), na wana haki, Mahakama ya Afrika yenyewe ilishasema Julai 2020 kwamba kipengele kile kinakiuka haki. Rasimu ya Warioba nayo ilitaka matokeo ya urais yahojiwe Mahakama ya Juu.

Mimi ningeanza na Msajili. Atoke kwenye uteuzi wa Rais, na asiwe na sauti kabisa kwenye nani ni kiongozi halali wa chama. Wanachama wakigombana waende mahakamani. Hilo halihitaji kura ya maoni wala Bunge Maalum, Sheria ya Vyama vya Siasa inarekebishwa na Bunge la kawaida kwa wiki moja, wakitaka. Tuone CHADEMA, ACT na hata CCM wanavyogombana bila refa wa kupangiwa. Naamini watagawanyika bado, Jirani wa Kisumu keshatuambia. Ila hao vijana wako wawili angalau wangegombana ndani ya chama kimoja, wakapigiana kura, na mmoja akashindwa.

#15 Kijani Kibichi

Hilo la Msajili hata mimi naweza kuliunga mkono, ila msinitaje.

#16 Mama Chapati Mbeya

Tumeshakutaja.